Gunia jepesi, hasara nzito: Mbegu za malisho zinavyompima mfanyabiashara wa mpakani

Gunia la mahindi halimsumbui mfanyabiashara mzoefu. Hulifungua, huchota kiganja kimoja, huuma punje mbili tatu kupima ukavu, kisha mazungumzo ya bei huanza. Gunia la mbegu za nyasi ni habari nyingine. Ndani yake kuna kitu chepesi chenye rangi ya majani makavu, kinachofanana na pumba na kupeperuka upepo ukivuma. Hakuna punje ya kuuma.

Magunia mawili ya aina hiyo yanaweza kusimama bega kwa bega sokoni, yote yakiwa na jina moja na uzito mmoja. Moja likawa na mbegu hai, jingine likawa limejaa makapi. Tofauti huonekana wiki chache baada ya mvua kunyesha, shambani kwa mfugaji aliyekwisha kulima, kupanda na kuzungushia uzio. Msimu ukishapita haurudi, na mfugaji hulikumbuka jina la aliyemuuzia.

Ndiyo maana biashara hii, inayozidi kuwavutia wachuuzi na wenye maduka ya pembejeo pande zote za mipaka ya Afrika Mashariki, inahitaji macho tofauti na yale ya kununulia nafaka. Nafaka huuzwa kwa uzito. Mbegu huuzwa kwa uhai, na uhai hauonekani kwenye mizani.

Soko lililoletwa na ukame

Kati ya mwishoni mwa mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ilifuatana bila kutosheleza katika Pembe ya Afrika. Nchini Kenya pekee mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Wafugaji wengi waliobaki walijifunza kwa uchungu kwamba kutegemea nyasi zinazojiotea si mpango wa kutosha. Kupanda malisho, kuyakata na kuyahifadhi katika marobota kumekuwa kazi ya kawaida katika maeneo ambayo zamani mtu angechekwa kwa kulima nyasi.

Nyasi inayotajwa zaidi ni Boma Rhodes, moja ya aina za nyasi ya Rhodes zilizochaguliwa na kuzalishwa Kenya. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzalisha mbegu za malisho kabla haijawa maarufu kwa mahindi. Aina nyingine za Rhodes zimebeba majina ya huku kwetu: Mbarara ya Uganda, Masaba ya Mlima Elgon, na Pokot.

Mbegu hizi zimezoea kuvuka mipaka. Nyasi ya brachiaria iitwayo Basilisk, iliyoenea katika malisho ya Australia na Brazil, ilitokana na mbegu zilizochukuliwa Uganda na kufikishwa Australia mwaka 1930. Nyingine, Toledo, asili yake ni mbegu zilizokusanywa Burundi mwaka 1985. Fiwi ya malisho iitwayo Rongai imepewa jina la Rongai ya Kenya. Leo baadhi ya nyasi hizo zinarudi nyumbani zikiwa ndani ya pakiti za kampuni za nje, na bei yake ni ya bidhaa ya kigeni.

Kwa mfanyabiashara wa Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo, hiyo ina maana moja: bidhaa ipo, wateja wapo, na hali ya nchi pande mbili za mpaka inafanana kiasi kwamba nyasi inayofaa Kajiado haitaona ugeni Longido. Kinachobaki ni kujua anachonunua.

Hesabu inayogeuza bei

Lebo ya mbegu iliyothibitishwa hubeba namba mbili ambazo wanunuzi wengi huziruka ili wafike kwenye bei. Ya kwanza ni usafi, yaani katika kila kilo 100 kilo ngapi ni mbegu yenyewe, si makapi, vijiti, mchanga au mbegu za magugu. Ya pili ni uotaji, yaani katika kila mbegu 100 safi ngapi zitaota.

Namba hizo zikizidishwa kisha kugawanywa kwa 100, hutoa asilimia ya mbegu hai. Hiyo ndiyo bidhaa halisi iliyomo ndani ya gunia.

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayepewa magunia mawili kuchagua. La kwanza linauzwa Sh600 kwa kilo, usafi wake ni asilimia 50 na uotaji asilimia 20. La pili ni Sh1,200 kwa kilo, usafi asilimia 80 na uotaji asilimia 40. Kwa haraka haraka, la kwanza ni nusu ya bei.

Hesabu inasema vingine. Gunia la kwanza lina mbegu hai asilimia 10 tu, hivyo kila kilo ya mbegu hai imegharimu Sh6,000. La pili lina asilimia 32, na kilo moja ya mbegu hai imegharimu Sh3,750. Aliyekimbilia rahisi amenunua ghali.

Mfugaji naye huumia zaidi. Ikiwa ekari yake ingetosheka na kilo 4 za gunia la pili, atahitaji karibu kilo 13 za gunia la kwanza kupata miche ileile. Hakuna anayenunua kilo 13. Atapanda zilezile kilo 4, shamba litaota kwa mabaka, magugu yatajaza nafasi, na lawama zitarudi dukani.

Asilimia 40 ya uotaji ingekuwa aibu kwa mahindi. Kwa nyasi ya Rhodes si ajabu. Suke lake halikomai kwa wakati mmoja: punje za juu zinapoanza kudondoka, za chini bado ni changa. Anayevuna mapema ili asipoteze kitu hupata gunia lililojaa maganda matupu. Anayechelewa huacha mbegu nzuri chini ya mmea. Kwa hiyo mnunuzi asitarajie asilimia 90, lakini asikubali kununua bila kuambiwa asilimia yoyote.

Kiganja, karatasi na siku 14

Pale ambapo lebo haipo au haiaminiki, zipo njia mbili za kujiridhisha zisizohitaji maabara.

Ya kwanza ni ya papo hapo. Chota kiasi kidogo kutoka juu, katikati na chini ya gunia, maana wajanja huweka nzuri juu. Sugua katikati ya viganja kwa nguvu, kisha puliza taratibu. Makapi yataruka. Zikibaki punje ndogo ngumu zinazong'aa, kuna mbegu. Kiganja kikibaki kitupu, hilo ni gunia la majani.

Ya pili inahitaji subira. Chukua mbegu 100 kama zinavyokuja, bila kuchagua zilizonona, na uzipange juu ya karatasi laini au pamba yenye unyevu ndani ya sahani. Funika kwa plastiki iliyotobolewa, weka mahali penye joto na mwanga lakini si juani, na usiache ikauke. Hesabu zilizoota siku ya saba, kisha siku ya 14. Rudia kwa sahani nyingine mbili au tatu na utafute wastani.

Kwa kuwa makapi nayo yamehesabiwa, jibu linalopatikana huwa limekwisha kuchanganya usafi na uotaji. Zikiota mbegu 12 kwa 100, mnunuzi anajua takriban sehemu gani ya fedha yake inanunua uhai. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya cheti cha maabara, lakini kinamzuia mtu kulipia lori zima gizani. Hasara yake ni muda: anayetaka mbegu za mvua za Machi aanze kuulizia Januari au mapema zaidi, si siku mawingu yanapokusanyika.

Mbegu mpya siyo lazima iwe bora

Hapa ndipo uzoefu wa mahindi na maharage humpotosha mfanyabiashara. Amezoea kwamba kilichovunwa juzi ni kizuri kuliko kilicholala ghalani. Nyasi nyingi za malisho hazifuati sheria hiyo.

Mbegu ya Rhodes iliyovunwa karibuni huwa bado imelala. Ni hai, lakini haioti vizuri mpaka ipumzike miezi kadhaa. Brachiaria na nyasi ya nyanda kavu ambayo wataalamu huiita Cenchrus ciliaris huweza kulala muda mrefu zaidi, hata kukaribia mwaka. Kulala huko ni kinga ya mmea wenyewe, ili mbegu isidanganywe na manyunyu ya kiangazi.

Hivyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe bei, bali mwezi wa mavuno. Mbegu iliyotoka shambani wiki mbili zilizopita inaweza kushindwa kipimo cha sahani leo na kukifaulu baada ya miezi sita. Iliyokaa miaka mitatu katika banda la bati, nayo inaweza kuwa imeamka na kufa zamani.

Jamii ya mikunde ina mambo yake. Lusina na kaliandra zina ganda gumu lisilopitisha maji kwa urahisi, na wakulima huzilainisha kwa maji kabla ya kupanda. Alfalfa hukaguliwa kwa sababu nyingine: mbegu zake zinaweza kuchanganyika na za mlangamia, mmea wa nyuzi za njano unaonyonya wenzake. Ukiingia shambani, kuutoa ni shida ya miaka. Shehena ya alfalfa isiyo na cheti cha usafi haifai hata ikitolewa bure.

Karatasi kwa mpangilio wake

Makosa mengi ya mpakani hayatokani na kukosa karatasi, bali kuzitafuta kwa mpangilio usio sahihi. Mfanyabiashara hununua kwanza, hupakia pili, na huuliza kibali akiwa tayari kwenye foleni.

Mpangilio wenyewe huanza katika nchi inayopokea. Ni lazima kujua kwanza kama aina hiyo ya mbegu inaruhusiwa kuuzwa huko, kisha kuomba kibali cha kuingiza mimea. Kibali hicho hutaja masharti ya shehena. Ndipo nchi inayotoa hukagua na kutoa cheti cha afya ya mimea kinachothibitisha kwamba masharti hayo yametimizwa. Cheti kikitangulia kibali, huenda kisitaje kile ambacho ofisa wa upande wa pili anakitafuta, na lori hulala.

Nchini Kenya, KEPHIS inasimamia mambo yote mawili, ubora wa mbegu na afya ya mimea. Tanzania kazi hizo zimegawanywa: TOSCI inahusika na ubora wa mbegu, na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, inahusika na magonjwa na wadudu. Uganda shughuli hizo ziko chini ya Wizara ya Kilimo, na Rwanda ziko chini ya RICA. Anayepeleka mbegu Tanzania akiwa na cheti cha afya pekee amekamilisha nusu ya safari.

Utaratibu wa biashara rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaowahusu wenye shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, umewasaidia wachuuzi wengi. Lakini cheti rahisi cha uasili hushughulikia ushuru wa forodha tu. Hakiondoi ukaguzi wa afya ya mimea, hata kwa mfuko mmoja uliobebwa kwenye bodaboda.

Kuna tofauti nyingine ya kuzingatia. Mbegu iliyothibitishwa si sawa na mbegu ya kuazimiwa ubora, ambayo Tanzania huruhusu wakulima wadogo kuizalisha kwa ajili ya eneo lao. Hiyo ya pili inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini haikutengenezewa kuvuka mpaka. Na mfuko wenye lakiri ukishafunguliwa ili mbegu zipimwe kwa kikombe, lebo haisemi tena kilichomo ndani. Kufungasha upya ni kazi yenye leseni yake.

Baada ya lakiri: joto na unyevu

Mbegu iliyofaulu vipimo vyote inaweza kufa njiani. Adui zake ni wawili, joto na unyevu, na hufanya kazi pamoja. Wataalamu wa uhifadhi wana kanuni ya makadirio: unyevu wa mbegu ukipungua kwa asilimia moja, maisha yake ghalani huongezeka mara mbili, joto likipungua kwa takriban nyuzi 5 za Selsiasi, huongezeka mara mbili tena. Kanuni hiyo husomeka pia kinyumenyume, na ndivyo inavyosomeka chini ya turubai jeusi la lori lililosimama juani siku tatu.

Kwa hiyo mambo madogo yana thamani. Kupakia jioni na kusafiri usiku. Kutoweka mbegu juu ya sakafu ya lori karibu na injini. Kutochanganya na mbolea, sumu za wadudu au madumu ya mafuta. Kuacha nafasi ya hewa kati ya turubai na magunia, na kutumia magunia yanayopumua badala ya mifuko ya plastiki ikiwa mbegu haijakauka sawasawa.

Ghalani, magunia yakae juu ya vichaga, mbali na ukuta na mbali na bati. Sakafu ya saruji huonekana kavu lakini hupitisha unyevu usiku. Mwenye shaka anaweza kutumia chumvi: iliyokaushwa vizuri ichanganywe na mbegu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo, itikiswe, iachwe dakika 10 hivi. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mbegu bado ni mbichi kuhifadhiwa.

Mbegu zilizopakwa dawa, ambazo kwa kawaida hutiwa rangi ili zitambulike, zitengwe kabisa. Zisizouzika haziwi chakula cha kuku.

Vipando ni hatari nyingine

Si kila malisho huuzwa kwa mbegu. Mabingobingo, yaani nepia, hupandwa kwa vipande vya shina au mashina yenye mizizi. Nyasi nyingi za bustani na viwanja, kuanzia kikuyu mpaka zile pana za pwani ambazo Kenya huitwa nyasi za Pemba, husambazwa kwa vipando au mabamba yenye udongo.

Biashara hiyo huonekana rahisi: unakata upande mmoja, unapanda upande wa pili. Lakini ugonjwa wa kudumaza nepia umesumbua wafugaji wa magharibi mwa Kenya na Uganda, na ugonjwa wa fugwe umeathiri nepia za Kenya ya kati. Yote miwili husafiri ndani ya vipando vinavyoweza kuonekana vizima siku ya kukatwa. Mzigo mmoja wa pikapu unaweza kupeleka ugonjwa katika kijiji kinachotegemea nepia kwa maziwa ya kila siku.

Udongo nao hubeba minyoo, fangasi na mbegu za magugu, ndiyo maana maofisa wa mpakani huwa wakali zaidi kwa vipando kuliko kwa mbegu kavu. Anayepata zabuni ya kuweka nyasi za hoteli au uwanja ng'ambo ya mpaka atapunguza usumbufu akitafuta kitalu cha nchi ileile, na kuvusha utaalamu badala ya udongo.

Neno la mwisho ni la dukani

Malalamiko mengi kuhusu mbegu mbovu hutokana na mbegu nzuri iliyozikwa. Mbegu ya Rhodes ni ndogo mno. Ikifukiwa kina cha mahindi haitoki. Mfugaji aambiwe alainishe udongo, achanganye mbegu na mchanga mkavu au vumbi la mbao ili zisambae sawa, azimwage juu au kwenye mifereji isiyozidi sentimita moja au mbili, kisha ashindilie kidogo. Kilo 4 hadi 5 kwa ekari ndicho kiasi kinachotajwa mara nyingi. Na msimu wa kwanza ng'ombe wasiingizwe mpaka nyasi zishike mizizi, la sivyo watazing'oa.

Maelezo hayo huchukua dakika 5 na hayana gharama. Muuzaji anayeyatoa, akaandika namba ya shehena na tarehe kwenye risiti, na akabakiza sampuli ndogo ya kila shehena kwenye bahasha, ana cha kuonyesha mteja akirudi kulalamika. Asiye na sampuli ana maneno tu.

Mteja wa mahindi hurudi kila wiki, akipoteza leo atafidiwa kesho. Mteja wa mbegu za malisho hununua mara moja, husubiri mvua, na nyasi ikishika huenda asinunue tena kwa miaka kadhaa. Anachorudisha sokoni ni habari. Mvua ikinyesha, jirani zake wataliona shamba kutoka barabarani, na watauliza mbegu hizo alizinunua kwa nani.